Namba ya Simu ya Bibi Jirani

Kiwanda cha nguo nilimokuwa mkataji kilipofungwa, tulipewa mkono wa kwaheri na hotuba tamu kuhusu soko huria. Nilirudi Temeke na mkasi wangu na hasira zangu. Mke wangu hakuzunguka maneno: ikifika Ramadhani sijapata kazi ya maana, tunafunga virago, tunakwenda kwetu Newala kulima korosho. Mimi na jembe hatujawahi kuelewana. Nikaapa kwamba Dar sitoki.

Cherehani nilikuwa nayo. Nilichokosa ni watu. Makampuni binafsi yalikuwa yanachipuka kila kona na yote yalitaka sare, ila wenye makampuni hayo mimi ningewajulia wapi? Nikaenda Kariakoo, nikachapisha kadi za biashara: jina langu na mtaa, "Sare za Kazi za Kila Aina", na namba ya simu. Simu yenyewe ilikuwa ya bibi jirani, Mzaramo, aliyoachiwa na marehemu mumewe, karani wa bandari. Mtaa mzima tulipigiwa hapo. Majirani walinicheka, eti fundi wa barazani ana kadi kama waziri. Nikawaacha wacheke. Kila asubuhi nilivaa shati nililolishona mwenyewe, nikazunguka maofisi hadi Tabata, nikiacha kadi kwa makarani, kwa walinzi wa getini, hata kwa watu waliokuwa wananyolewa ndevu.

Bibi nilijaribu kumfundisha. Simu ikilia, aseme: "Ofisi ya sare, nikusaidie nini?" Aliniangalia kama nimelewa.

"Mjukuu wangu, mie nimuulize mtu shida yake, hali sijamjulia? Siwezi."

Wiki zikapita. Simu zilizolia zilikuwa za misiba na posa za watu. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi ndipo asubuhi moja, nikiwa barazani kwangu, nikamsikia bibi anapayuka kwenye simu.

"Mnyamwezi wee! Kumbe mizigo mshamaliza kubeba, siku hizi mnapiga simu? Sare? Sare ya nini, wewe si kaniki inakutosha!"

Sare! Nilitupa kitambaa, nikakimbia. Nilipofika alikuwa ameushika mkono wa simu mbali nami, anacheka mpaka machozi.

"Njoo mwenyewe, na kuku mkononi. Fundi wangu haongei na wapagazi!" Akakata.

"Bibi, umenimaliza!"

"Nimekumaliza nini? Yule mtani wangu, lafudhi tu imemsema. Atakuja."

Kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, nani asiyejua? Lakini mimi ni Mmakonde, na riziki yangu ilikuwa imetupwa katikati ya utani wa watu wawili ambao hata hawajaonana. Hakuuliza jina la kampuni wala iko wapi. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Mke wangu akaanza kukunja mashuka. Mimi nikachukua kadi zangu, nikaingia mtaani tena.

Kabla wiki haijaisha, gari lilisimama mbele ya nyumba ya bibi. Akashuka mtu mzima mwenye tai, kuku hai kwapani. Mimi hata hakunitazama.

"Yuko wapi mla nazi wangu?"

Walitukanana yeye na bibi hadi mtaa ukajaa. Walipochoka ndipo mgeni akanigeukia, akaikunjua kola ya shati langu, akavuta mishono. Alikuwa ameanzisha kampuni ya ulinzi. Kadi za mafundi, alisema, zimejaa mezani kwake, lakini fundi akiingia mitini na vitambaa, atamkamata wapi?

"Wewe ukipotea, namkamata mtani wangu."

Jioni ile mke wangu aliyatandika tena mashuka kitandani.

Miaka baadaye nilifungua duka hapo hapo mtaani, lenye simu yangu mwenyewe na kadi mpya. Simu ya kwanza ilipolia niliipokea kwa madaha.

"Ofisi ya sare, nikusaidie nini?"

Nikaisikia sauti ya yule mtani, imenywea kabisa.

"Bibi amefariki?"

"Hapana, mzee! Yupo, mzima!"

"Sasa mbona unapokea wewe?"

Nikamwomba asubiri, nikatoka mbio kwenda kumwita. Tangu siku hiyo kiti cha kando ya simu kilikuwa cha bibi.