Walimu Wangu wa Marekani

Niliporudi kijijini kwetu Sepuka kutoka Marekani, uhuru ukiwa bado mbichi, baba alichinja mbuzi akaalika majirani waje wamwone mwanawe aliyesomeshwa na Wazungu. Picha niliyotoa ikaharibu sherehe. Ilikuwa ya walimu wangu wa chuo, wamevaa majoho, wote weusi kama sisi.

"Hawa ni wapishi?" baba aliuliza.

"Ni walimu, baba. Chuo chenyewe ni cha watu weusi. Huyu mama alinifundisha hesabu."

Akanirudishia picha. "Umevuka bahari yote hiyo ukafundishwe na watu kama wewe?"

Majirani walijifanya kushughulika na nyama. Niliudhika sana. Nje ya geti la chuo kile kulikuwa na migahawa ambamo mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa, lakini ndani nilikuwa mtoto wa watu. Yule mama alinilisha nyumbani kwake kila Jumapili, na nikikosea hesabu alinirudisha ubaoni bila huruma, maana alijua naweza. Siku hizi watu huniuliza kama vyuo vile bado vina kazi, milango ya vyuo vyote ikiwa wazi kwa weusi. Vina kazi, tena kubwa. Mimi nitawashukuru walimu wale mpaka naingia kaburini.

Lakini siku zile kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu wa kike, aliyechunga ndama huku watoto wenzake wakienda shule. Nilipangiwa kufundisha palepale kijijini, nikataka aanze. Baba alikataa katakata. Angekuwepo Mzungu wa misheni, alisema, angempeleka. Kwa mwalimu mweusi, heri abaki na ndama.

Siku moja tukipura uwele, baba akauliza ghafla, "Hicho chuo chenu alijenga nani?"

Nikamwambia ni watu waliotoka utumwani. Walifyatua matofali wenyewe, wakaanza masomo hata paa halijaezekwa. Bibi yake yule mama wa hesabu alizaliwa mtumwa.

Baba aliacha kupura. Shangazi wa babu yake alichukuliwa na msafara wa watumwa, na kwetu hatajwi ovyo. "Labda ni wa kwetu," alisema. Nilijua waliotekwa huku walipelekwa pwani, na wale wa Marekani walitoka upande mwingine wa Afrika. Lakini nikaendelea kupura. Hata mimi, mezani kwa yule mama, niliwahi kuwaza hivyohivyo.

"Wametoka utumwani hawana hata kuku, wakaanza na shule," alisema. "Sisi tuna ng'ombe!"

Jumatatu nikiwa darasani, baba alitokea mlangoni amemshika mdogo wangu mkono, kapakwa mafuta mpaka anang'aa. Akavua kofia. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akimvulia kofia mtu wa umri wangu.

"Mwalimu," alisema, "nimekuletea mtoto wangu. Naomba umpokee."

Baba yangu mzazi alikuwa ananiomba. Nilimwamkia shikamoo mbele ya darasa zima, na mdogo wangu akaenda kukaa.