Nafasi ya Msumeno

Mtaani jina lake lilikwisha sahaulika; watu walimwita Sentimita. Alikuwa seremala, na ugonjwa wake ulikuwa kupima. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata alipovaa suti ya harusini. Binti yake alipozaliwa, kabla hata hajambusu, alimnyooshea futi ya chuma mgongoni, akatangaza, "Arobaini na tisa na nusu!" kisha akaangua kilio mbele ya wauguzi wote. Mkewe, ambaye ni mkunga, mpaka leo hajamsamehe.

"Chuma baridi kwenye mgongo wa mtoto mchanga! Na ile nusu uliitaka ya nini?"

Kwa hiyo siku kompyuta mpya ilipotolewa kwenye boksi, na binti, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, akanyoosha kidole kuiwasha, Sentimita alikifunika kitufe kwa kiganja.

"Ngoja, mama. Hukati ubao kabla ya kupiga mstari."

"Baba, hii si ubao."

"Najua si ubao. Lakini itakatwa, si itakatwa?"

Ingekatwa, ndiyo. Walikuwa wamekubaliana kuigawa diski yake vyumba vyumba, na sababu ilikuwa chungu. Kompyuta ya kwanza ilikuwa nyumba ya chumba kimoja: mtambo, yaani programu inayoiendesha, picha, michoro ya makabati, michezo ya watoto, na kurasa themanini za kitabu alichokuwa akiandika Mkunga kuhusu uzazi, vyote vimelala kitanda kimoja. Mtambo ulipoharibika, Sentimita mwenyewe ndiye aliyeibeba kwenda kwa fundi. Fundi akauliza, "Niupige upya?" Yeye akajibu, "Piga," kama mtu anayeruhusu mlango upakwe rangi. Kompyuta ikarudi inang'aa, tupu kama jeneza dukani.

Mkunga hakugomba. Alikwenda kununua daftari la jalada gumu, akaanza tena ukurasa wa kwanza kwa mkono. Tangu hapo hakugusa kompyuta. Sentimita angeona afadhali agombwe wiki nzima, kwani kimya kile kilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Hii mpya aliinunua kwa jambo moja tu: mkewe aketi tena mbele yake bila woga.

Alileta kipande cha ubao kutoka karakana, akakilaza mezani.

"Diski ina ukubwa gani?"

"Wameandika giga mia tano," binti alisema, "lakini ikishawashwa itaonyesha mia nne sitini na tano. Si wizi, Baba, ni namna ya kuhesabu tu, yaani..."

"Imepigwa randa," Sentimita alisema.

"Eh?"

"Ubao wa nne kwa mbili ukishapigwa randa, haufiki nne wala mbili. Kila seremala anajua. Endelea."

Maelezo ambayo binti alikuwa ameyaandaa tangu juzi hayakuhitajika tena.

Wakachora. Mtambo, mia moja na hamsini. Mkunga, arobaini, maana binti alisema maandishi hayali nafasi. Karakana, sitini. Kilichobaki, cha watoto. Lakini kila baada ya chumba, Sentimita alipiga mistari miwili badala ya mmoja, na katikati akaandika "20".

"Hizi ishirini za nini?"

"Za msumeno."

Binti alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Baba! Humu hakuna msumeno!"

"Msumeno hula, mwanangu. Ukikata bila kuuachia nafasi yake, kipande cha mwisho kinapungua, halafu unamlaumu mwenye mbao."

"Hapa hakuna kinacholiwa hata chembe. Unaacha viwanja vitatu bure!"

"Basi viwe bure. Fundi nani hapa?"

Binti akafuata ubao kama ulivyo, akitikisa kichwa. Alipomaliza alisema jambo moja, safari hii bila kucheka: "Kuta zinasaidia mtambo ukiharibika. Diski yenyewe ikifa, vyumba vyote vinakwenda nayo. Kwa hiyo kitabu cha Mama kiwe na nakala kwenye flashi pia." Sentimita akaiandika hiyo nayo ubaoni.

Mkunga aliitwa. Akasimama mlangoni, daftari kifuani.

"Hiki ndicho chumba chako," Sentimita alimwonyesha. "Mtambo ukiharibika tunabomoa cha kwanza tu. Chako hakiguswi."

"Ulisema hivyohivyo mlango wa bafuni hautavimba."

Hata hivyo aliketi. Siku ya kwanza ukurasa mmoja, wiki iliyofuata kumi. Kisha akapata wazo: wakunga wazee aliowajua akawarekodi kwa simu, video ndefu ndefu wakisimulia na kuonyesha kwa mikono, akazimwagia zote humo. Miezi miwili baadaye kile kijimstari cha chumba chake kikageuka chekundu, na kompyuta ikakataa kuhifadhi sura ya saba.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mkunga alichukua daftari, akainuka.

"Mke wangu..."

"Usijali, Fundi. Mkono wangu haujai."

Sentimita alihisi kibanzi kilekile. Alimfuata binti uani, akamkuta anafua sare. "Chumba cha mama yako kimejaa. Inabidi tuvunje vyote?"

Binti alikuja na povu viwikoni. Akafungua ramani ya diski, akainama. Kisha akaanza kucheka polepole.

"Baba. Ukingo kwa ukingo na chumba cha Mama kuna nini?"

"Msumeno."

"Ishirini tupu. Kungekuwa na karakana hapo, ukuta usingesogea. Huu unasogea." Akahamishia nakala ya kila kitu kwenye flashi kwanza, ikachukua muda, kisha akabonyeza mara tatu. Chumba cha arobaini kikawa cha sitini. Wekundu ukafutika. Sura ya saba ikahifadhiwa, na video zote zikiwa palepale.

Mkunga alirudi, akatazama. "Hiyo nafasi mliiweka kwa ajili yangu?"

Sentimita angeweza kusema ndiyo. Binti alimwangalia, akingoja.

"Hapana," alisema. "Niliikosea hii diski nikadhani ni ubao."

Mkunga akacheka, kicheko ambacho nyumba haikuwa imekisikia tangu daftari liingie. Alivuta kiti, akaanza sura ya nane. Sentimita akabaki nyuma yake, akaona jinsi anavyojikunja kuifikia meza. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, kwenye futi.

"Ukinigusa mgongo na chuma hicho cha baridi," mkewe alisema bila kugeuka, "utalala karakana."

Sentimita akaishika futi kwa viganja viwili, akaipumulia mpaka ikapata joto, ndipo akampima.