Neno Nililoliacha Kwenye Fomu

Shangazi yangu anashona kola kwenye kiwanda cha sare. Kola tu, siku nzima. Mikono ya mashati ina watu wake. Mimi ninakaa kwake nikisoma kidato cha pili. Mwanawe ana miaka mitano na ana usonji. Tunamwita Bosi, maana ukimwita haitiki mpaka apende mwenyewe. Daktari alisema anahitaji mazoezi ya kuongea kila wiki, na bima ya kazini kwa shangazi inaweza kuyalipia. Bima ikikataa, basi hakuna mazoezi.

Fomu ya kwanza aliijaza mwenyewe. Mtoto anaweza nini? Akajibu kama mama anavyomsifia jirani mwanawe: anakula vizuri, anavaa, anaelewa kila kitu. Bima wakaandika kwamba mtoto wa hivyo hahitaji huduma.

Tukaenda ofisini kwao. Karani akaisoma fomu dirishani, akaguna. "Mama, hapa umeleta maombi ya matibabu au posa?"

"Ni mwanangu, baba. Nimseme vibaya?"

"Eleza siku yake mbaya kuliko zote. Una wiki moja ya kukata rufaa."

Shangazi anaamini kinywa huumba, na cha mama huumba upesi zaidi. Jioni hiyo hakugusa kalamu. "Andika wewe, mwanangu, halafu unisomee. Mimi nitaitikia kwa kichwa."

Nikaandika. Hakubali kula ila kwenye sahani ya bluu. Hujigonga ukutani akisikia mashine ya kusaga. Hajui hatari ya barabara. Kila mstari aliuitikia, macho yakiwa sakafuni. Bosi alikuwa chini ya meza, anazungusha bobini ya cherehani.

"Hasemi neno lolote," nikasoma.

Kichwa hakikushuka. "Anasema maji."

"Shangazi, maji ni neno moja. Watatukatalia tena."

Alimtazama Bosi chini ya meza. Kisha akainamisha kichwa.

Bima wakakubali miezi sita. Shangazi alinikumbatia, akasema mkono wangu una baraka. Siku hiyohiyo Bosi alinivuta kidole hadi kwenye ndoo.

"Sema maji," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayedaiwa kitu alichokwisha kurudisha.

Hii ni wiki ya tatu, hajalisema. Nimesoma kwamba watoto wengine wenye usonji hupoteza maneno, na hakuna aliyewakosea. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi mno.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya mazoezi. Mtaalamu, dada mmoja mpole, alikuwa na fomu yetu mapajani. "Mmeandika hana neno. Hajawahi kabisa?"

"Alikuwa nalo moja," shangazi akasema.

"Lipi?"

Shangazi akafungua kinywa, akakifunga. Akanigeukia bila hasira. Heri angekuwa nayo. "Mtajie wewe."

"Maji," nikasema.

Bosi hakugeuka. Nikasema tena.