Amin Langoni mwa Kiwanda

Juzi asubuhi nilipita Pongwe, penye kiwanda cha kamba za mkonge kilichonunuliwa karibuni na tajiri mgeni. Langoni palibandikwa tangazo, na wafanyakazi walikuwa wamelizunguka. Mwanamke mmoja, aproni ya kazi kiunoni, alimsihi mlinzi mzee: "Shikamoo, baba. Tusomee, wengine macho yetu hayafiki."

Mzee akasoma kwa sauti ya msikitini. Tangazo lilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, likawaita wafanyakazi ndugu wapenzi, likalisifu jasho lao la halali, likasema wakati umewadia wa kuipumzisha mikono iliyochoka. Mwisho likawaombea: "Mola awafungulie riziki pengine."

"Amin!" wakaitikia wote, wakipangusa nyuso kwa viganja.

"Alhamdulillahi," akasema yule mwanamke. "Basi likizo hiyo mpaka lini, baba?"

"Si likizo, mwanangu. Tumeachishwa kazi."

"Na wanangu watakula nini?"

Mzee akalipitia tangazo upya, kidole kikifuata mistari. "Hilo halikusemwa."

Tuliosoma balagha chuoni tulifundishwa kwamba ufasaha ni kuifikisha maana moyoni. Mwandishi huyu aliichelewesha maana mpaka dua ipite, kwani alijua kwamba watu wa pwani hawaiachi dua bila kuiitikia.

Mwanamke akafungua aproni, akaikunja polepole. "Na amin yangu, baba, nairudishaje?"

Mzee alinigeukia mimi mwenye kanzu. Nimeirejea fiqhi yote niliyoisoma, na jibu lake sijalipata.