Goli la Mfaransa wa Mbugani

Kwa nini mwanamke mwenye shahada ya historia, mama wa watoto watatu, aliyepewa kalamu ili aandike jina la baba mkwe wake, aandike badala yake habari ya mtu aliyekwisha kufa zamani huko Ulaya? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani, na jibu sijalipata. Basi nawasimulia aibu yenyewe ilivyokuwa, ila mnaponicheka, mcheke kwa kiasi.

Baba mkwe wangu, mzee wa miaka sitini na sita, alikuwa anastaafu mpira. Amekuwa mshambuliaji wa Mbugani tangu ujana wake, amezifunga timu zote za wilaya hii isipokuwa Matema, na sasa goti la kulia lilikuwa limekwisha. Aliomba jambo moja tu: apewe dakika kumi za mwisho dhidi ya maveterani wa Matema, ajaribu kwa mara ya mwisho.

Mwandaaji wa mechi alikuwa Salimu, mwenye duka la saruji na misumari, ambaye pia ndiye mwenye spika. Aliniona nimekaa pembeni akaniita. "Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Jaza fomu ya wachezaji, halafu ututangazie mpira."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Salimu asili yake ni pwani, hakujua kwamba kwetu Wanyakyusa mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake, hamkaribii wala hamtazami usoni. Wengi mjini wamekwisha kulegeza, lakini mimi nililishika jambo hili kwa bidii ya kupita kiasi, kwa sababu siku nilipoolewa shangazi za mume wangu walisema waziwazi kwamba msichana wa chuo kikuu hawezi kuwa na adabu, nami nimetumia miaka kumi na tisa kuwaonyesha kwamba walikosea. Ningeweza kusema, "Shemeji, huyu ni mkwe wangu, mwingine amwandike." Lakini kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kuwashwa na (niseme ukweli) nilikuwa nakitamani. Penye nafasi ya jina la baba mkwe nikaandika: Mfaransa.

Mfaransa mwenyewe nilikutana naye chuoni, katika gazeti kuukuu, kwa Kifaransa changu cha mwaka mmoja. Alikuwa mshambuliaji wa mwanzoni mwa karne iliyopita, karani wa kiwanda cha ngozi, mfupi, mwenye masharubu, aliyecheza na kofia kichwani. Sijui kwa nini nilimpenda. Kila mpira ulipopotelea kwenye mpunga nyuma ya goli (na ulipotea sana), nilijaza kimya kwa habari zake.

"Mechi yake ya kwanza ya taifa alifunga goli! Timu yake ikafungwa saba!"

"Pole yake!" watu wakapiga kelele. "Endelea, mama! Halafu?"

"Halafu vita ikaja, akaenda."

"Akarudi?"

"Akarudi na mguu mmoja mgumu kama mchi, na akacheza tena!"

Kwa hiyo baba mkwe alipoingia akichechemea, nami nikatangaza, "Sasa anaingia Mfaransa!", uwanja mzima uliitikia. Muuza ndizi mmoja akauliza kwa sauti, "Mfaransa gani huyu mwenye miguu ya kuvuna kokoa?"

Dakika ya mwisho ikapigwa kona. Mpira ulimgonga baba mkwe kwenye lile goti bovu, ukabadili nia, ukaingia wavuni. Mzee akalala matopeni, akacheka peke yake.

Ndipo nahodha wa Matema akamwendea refa. "Mwamuzi, kanuni yetu inasema wakazi wa wilaya tu. Hawa wameleta mamluki kutoka Ulaya, tena wamemtangaza kwenye spika mchana kutwa."

Watu wakaangua kicheko. Refa hakucheka. Siku za kazi yeye ni fundi cherehani sokoni, na kwake kilichoandikwa ndicho kinachokatwa. Akaisoma fomu, akanijia.

"Mama, aliyefunga ni nani?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Jina."

"Ni babu wa mwanangu Lusajo."

"Mama, sijauliza ukoo wenu. Nimeuliza jina."

Watu zaidi ya mia walikuwa wanalipiga kelele jina hilo, lakini refa akainua mkono: aliyejaza fomu ndiye atakayesahihisha. Baba mkwe, kwa kunihurumia, akaanza kuja tulipo. Alipofika hatua tano, miguu yangu iliamua kabla yangu. Nilijifunika khanga kichwani nikakimbia na kipaza sauti mkononi, waya ukaivuta spika, spika ikamwangukia Salimu mguuni, na kabla haijakata roho ikawatangazia watu wote wa Mbugani nilivyokuwa nahema, kisha "Yesu wangu!", kisha chubwi, maana nilikuwa nimefika kwenye mpunga.

"Goli nalifuta," nilimsikia refa. "Fomu naipeleka kesho saa tatu asubuhi kwenye chama cha mpira cha wilaya. Mwenye la kusahihisha aje kibandani kwangu mapema, aandike na atamke mbele ya nahodha wa Matema."

Jioni mama mkwe alinifuata jikoni, nikiwa bado natoa tope masikioni.

"Mama Lusajo, mzee hajala."

"Amesema nini, mama?"

"Amesema heshima yako ni kubwa mno, ndaga fijo, anashukuru. Lakini imemfutia goli." Akafunika chungu. "Na goti halimpi lingine."

Nilikaa na maneno yale. Nilijitazama bila huruma, nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo niliyekuwa namheshimu si mzee huyu; nilikuwa nawajibu shangazi, na bili yao nimempelekea yeye. Nikaamua.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi sokoni. Refa alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nahodha wa Matema alikuwa anakunywa chai akisubiri gari la kurudi kwao. Nilikata neno Mfaransa, nikaandika jina.

"Na utamke," refa akasema.

Niligeukia vitambaa vilivyoning'inia, nikafumba macho. "Andongwisye."

"Sijasikia," akasema nahodha, mdomo umejaa andazi.

"ANDONGWISYE!"

Wauza mchele wa jirani wakageuka wote. Refa akaweka sindano chini, akafuta sifuri penye magoli ya Mbugani, akaandika moja.