Mizani ya Viazi Kando ya Barafu

Wiki ile bwana wa utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni alitutia wazimu. Jumatatu baridi kali, Jumanne theluji, Jumatano baridi tena, Alhamisi mvua. Alisema huku anatabasamu, nami nikamtukana nikiwa jikoni namenya vitunguu. Sisi huku kaskazini mwa jimbo letu la Friesland tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila barafu ya kutelezea, na sasa tunagawiwa Jumatano moja kama sadaka.

Jirani yangu Baukje hakutukana. Aliizima televisheni yangu bila kuniomba ruhusa, akasema, "Jumatano tunafungua."

Baukje ndiye msimamizi wa barafu kijijini. Kila msimu wa majani kupukutika, chama chetu hufungulia maji kwenye malisho nyuma ya kanisa, yakafika magotini, kisha tunamwachia Mungu ayagandishe. Siku ya kupandisha bendera, ishara kwamba barafu imefunguliwa, huiamua Baukje peke yake. Hata mwalimu mkuu huchungulia dirishani kuitazama kabla ya kuwaruhusu watoto watoke darasani. Ni mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na sijawahi kumsikia akisema "labda".

Safari hii ilikuwepo sababu nyingine, na sote tuliijua. Kaka yake Wiebren, aliyewafundisha nusu ya kijiji kuteleza kwa kusukuma kiti cha jikoni mbele yao, alikuwa na saratani ya tumbo. Zamani alikuwa pande la mtu. Kila alipokanyaga barafu ililia kama mlango mbovu, naye akasema inamsalimia. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba baridi ya mwakani asiitegemee. Akamwomba dada yake kitu kimoja tu, asimame juu ya barafu mara moja tena.

"Utasimama," Baukje alimjibu.

Jumanne theluji ikaanguka kweli, na theluji ni blanketi. Ikilala juu, barafu hainenepi. Watoto wa shule walikuja na mafagio wakafagia malisho yote, na sisi watu wazima tukabaki ukingoni kutoa amri, kazi tunayoiweza sana. Jumatano asubuhi Baukje alitoboa barafu, akaipima, akakunja uso. Ingewabeba watoto, si watu wazima. Hakuna ambaye angezama katika maji ya magotini, lakini mguu mmoja mzito ungeipasua, na siku ya kila mtu ingekwisha hapo hapo. Basi alikwenda ghalani kwa mkulima wa jirani, akaiburuta mizani ya kupimia viazi, akaiweka langoni.

"Kilo hamsini," alitangaza. "Ukizidi, nenda kwenye supu."

Supu ya njegere ilikuwa yangu, kwa hiyo sikulalamika. Aliyelalamika ni Gosse, seremala.

"Mama Baukje, mimi mifupa yangu myepesi. Ni hili koti tu."

"Livue basi."

Akavua koti, akavua sweta, akavua buti. Mizani ikasema tisini na moja.

"Hata ukivua ngozi, Gosse, bado!" Baukje alimwambia. "Sheria ni msumeno, baba. Kanywe supu."

Tulikuwa bado tunacheka Wiebren alipotokea njiani, anatembea polepole, viatu vya kutelezea shingoni, amekumbatia kiti chake cha jikoni. Kicheko kikafa. Nikamsogelea Baukje sikioni.

"Shoga, mwache apite tu. Nani atasema neno?"

"Nikimpitisha kwa huruma, atajua," alisema. "Apande kama wengine."

"Una moyo wa jiwe wewe!"

Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia, na nilimaanisha. Wiebren alisikia. Akanikabidhi kiti.

"Mwache mdogo wangu afanye kazi yake," alisema, akapanda.

Mshale ulitetemeka, ukatulia kwenye arobaini na nane. Gosse aliinama akatazama buti zake. Mimi machozi yalinitoka wala sikuyafuta, kwa maana wote pale tulimkumbuka yule mtu aliyewahi kubeba ndama mabegani.

"Mbona mmenuna?" Wiebren aliuliza. "Miezi yote hii nakonda bure. Leo ndiyo nimeiona faida yake."

"Pita, kaka," Baukje alisema, na sauti ya kuitia ng'ombe haikuwepo.

Wiebren alivaa viatu vyake, akamnyooshea mkono. "Twende basi. Kama zamani."

Baukje naye alikuwa na viatu vyake begani tangu asubuhi. Alipiga hatua moja, macho yakaiangukia mizani, akasimama.

"Mimi nina sabini na tano."

"Aaa!" Wiebren alisema, kwa furaha ya kaka mkubwa aliyengoja maisha yake yote. "Sheria ni msumeno, mama. Kanywe supu!"

Baukje alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka. Hata yeye sidhani anajua.

Wiebren alikichukua kiti chake kwangu, akakitia mbele, akaingia katikati ya watoto. Miguu ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikakumbuka. Kibinti mmoja alimpigia kelele, "Babu, kunja magoti!" naye akakunja kwa utii, yeye aliyemfundisha hivyo mama wa mtoto huyo. Baukje alifuatana naye ukingoni, theluji ikimfika nusu ya miguu, akayazunguka malisho yote, kila Wiebren alipokwenda naye yupo.

"Nyoosha mgongo, kaka!"

Alhamisi mvua ilinyesha kama tulivyoambiwa. Lakini ile Jumatano nilisimama na mwiko wangu mkononi nikatega sikio kila alipopita karibu, na barafu haikumsalimia hata mara moja.