Nilimfungia dingi taa kwenye pikipiki, kijiji kikatoka kumpokea bibi harusi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Mimi ni dogo wa form three, nipo Same, huku tambarare chini ya milima ya Upare, mbele kidogo ya Kisiwani. Najua mkisikia form three mnaanza kusema "chai hiyo". Sawa. Lakini hii ina mashahidi watatu walio hai. Wawili ni watu. Wa tatu ana pembe, na hana sababu yoyote ya kunipendelea.

Twende.

Dingi wangu ni bodaboda. Mchana anabeba abiria, jioni ananipitia shuleni baada ya masomo ya ziada tunarudi wote nyumbani. Shule iko mbali. Ukitembea kwa miguu unafika umeshasahau ulichofundishwa, ingawa mimi huwa nasahau hata nikipanda pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni ya siku nyingi. Injini haina neno, shida ni taa. Taa ya mbele ilikuwa inamulika tairi lake lenyewe, basi. Taa ya breki ilikuwa haiwaki mpaka uipige kibao. Indiketa ya kushoto nilikuwa mimi. Dingi akitaka kukata kona ananiambia, "Nyoosha mkono, dogo."

Sasa barabara yetu ndugu zangu. Upande mmoja mlima, upande wa pili nyika ya hifadhi. Jua huku halizami kistaarabu, mlima unalificha kabla halijamaliza kazi. Dakika hii unaona, dakika ijayo unakisia.

Na hiyo hiyo ndiyo saa ambayo ng'ombe wanarudi kutoka malishoni. Wanapita wapi? Barabarani. Na wanatimua vumbi la kutosha kujenga nyumba.

Siku moja tunarudi, giza ndio linaingia, nikaona kitu cheusi ndani ya weusi. Kabla sijasema "baba", dingi alishakanyaga breki. Pikipiki ikayumba, tukasimama. Pembe ikagonga kioo cha pembeni, kioo chini.

Ng'ombe akabaki amesimama anatuangalia kama sisi ndio tumempitia barabarani kwake. Na ukweli ndio tulimpitia.

Alikuwa Narok, ng'ombe wa jirani yetu Mzee Lekishon. Narok kwa Kimaasai ni mweusi, na jina limemkaa. Yeye ndiye mtangulizi wa kundi, ana kengele shingoni, wengine wote wanamfuata. Kengele tungeisikia, ila dingi alikuwa anaimba sauti ya besi ya kwaya kwa nguvu zote.

Hatukuumia. Narok hakuumia. Kilichoumia ni kioo, na sisi ni Wapare.

Watani zangu nawaona mnacheka. Naomba nijitanie mwenyewe kabla yenu: Mpare ukimkanyaga kidole, kwanza anakuuliza jina lako kamili. Dingi kesho yake asubuhi alishafika kwa balozi wa nyumba kumi kushitaki ng'ombe kavunja kioo. Mzee Lekishon naye akafika kushitaki kwamba Narok tangu jana hajatoa maziwa kwa ule mshituko. Balozi akawaambia wote wawili warudi wakanywe chai.

Kesi ya kweli ilikuwa nyumbani.

Bi mkubwa alisikiliza hadithi mpaka mwisho, akaweka mwiko chini.

"Baba Eliya, mimi kioo hakinihusu. Mimi nina mume mmoja na mtoto mmoja, na wote wanapanda kitu kisicho na macho. Muhula ukiisha pikipiki inauzwa. Utalima. Na huyu anakwenda bweni."

Wakuu. Bweni.

Maharage ambayo yana nyama na hakuna aliyenunua nyama. Simu inakaa kwa matroni. Mimi huyu, mchekeshaji wa darasa zima, nilale na kengele niamke na kengele kama Narok.

Lakini kilichoniuma zaidi ni dingi. Hakubisha. Na Mpare asipobisha ujue limemwingia. Alitoka nje, akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ile pikipiki pole pole kama mtu anayemwogesha mtoto.

Nikasema hapana. Macho ndio shida? Basi tutaipa macho.

Hapo kijiweni kuna fundi anaitwa Rama. Ni kijana tu, na ana ugonjwa kama wangu, ukimwambia "weka moja" anauliza "kwa nini sio tatu?" Nikawa namuoshea pikipiki za wateja wikiendi, yeye akawa ananitafutia taa kwenye pikipiki chakavu alizonazo nyuma ya banda. Dingi tukamwomba aiache pikipiki Ijumaa. Alichosema ni, "Ongezeni mwanga kidogo."

Kidogo! Umewapa kazi hiyo watu gani?

Tukaweka spotilaiti mbili za LED mbele. Kisha mkanda wa taa za bluu chini ya injini. Kisha nyekundu za kumeta nyuma. Kisha Rama akapata mkanda mwingine wa bluu, tukauzungusha kwenye keria, maana kuutupa ni dhambi. Tukawasha pale bandani mchana kweupe na bado kuku wakaondoka.

Dingi alipokuja kuichukua Jumamosi akazunguka pikipiki mara mbili.

"Eliya, hii ni pikipiki au Krismasi?"

"Baba, si ulitaka kuonekana?"

Akacheka. Tangu siku ya kioo hakuwa amecheka. Akasema, "Leo namleta mama yako kutoka mazoezi ya kwaya. Acha aone mwenyewe kama ina macho au haina."

Sasa kuna jambo moja hatukulifikiria.

Jumamosi hiyo kitongojini kwetu kulikuwa na harusi. Bibi harusi alikuwa anatoka milimani, na msafara ulikuwa umechelewa. Watu walishasimama barabarani karibu na duka, akina mama wameshika majani, watoto wameshachoka kusubiri wanapigana. Mimi nilikuwa hapo nimekaa kwenye kreti la soda, nasubiri kuona kazi yangu ikipita.

Jua likaingia mlimani. Mara kwa mbali, kule kwenye kona, tukaona.

Bluu. Nyekundu. Nyeupe mbili kama macho ya jini. Inametameta, inakuja.

Mtoto mmoja akapiga kelele, "Bibi harusi huyooo!"

Imekwisha. Vigelegele vikaanza. Wimbo ukaanza. Ngoma ya mtu ikapigwa kabla haijawambwa vizuri. Mimi nikataka kusema kitu, ila wakuu, mdomo ulikuwa umejaa kicheko.

Dingi akaona umati, akapunguza mwendo kwa adabu. Nyuma yake amekaa bi mkubwa, na kwa ajili ya vumbi alikuwa amejitanda mtandio mweupe kichwani mpaka usoni. Mkononi jogoo aliyemnunua njiani.

Watu wakaizunguka pikipiki. Bibi mmoja akamfunua mtandio kwa upendo kabisa aone uso wa mwali.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Eliya?"

"Shikamoo," mama akasema, maana angesema nini.

"Marahaba. Umeolewa tena?"

Kijiji kikalipuka. Watu wamekaa chini, watu wamejishikilia ukuta wa duka. Na mimi nilimtazama mama, nikaona ule mdomo anaoubana akiwa hataki kucheka. Nikajua tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda.

Maana dingi kwa furaha akapiga resi, zile spotilaiti zikatoa mwanga wote, akaondoka kwa mbwembwe. Na hatua chache tu mbele, kundi la Mzee Lekishon likawa linaingia barabarani.

Spotilaiti zetu tulizifunga zikiangalia juu. Kule bandani hatukuona tatizo, pikipiki ilikuwa tupu. Ukimweka mama nyuma, keria inashuka, mbele panainuka, na mwanga wote unakwenda kwenye macho ya mtu. Au ya ng'ombe.

Narok akapigwa na mwanga uso kwa uso. Akaganda. Kisha akageuka, na mtangulizi akigeuka wote wanageuka. Kundi zima likaingia shamba la pembeni, kwenye mahindi.

Mahindi ya nani? Ya mama yangu.

Bi mkubwa akaruka kutoka kwenye pikipiki inatembea, mtandio mkono mmoja jogoo mkono mwingine, akaingia shambani anafukuza. Akaanza kusema Kipare. Mama akianza Kipare ujue Kiswahili kimemwishia.

Tulikimbia wote, harusi nzima, tukawatoa. Mzee Lekishon akaja taratibu na fimbo yake, wala hana haraka.

Dingi akaanza, "Mzee, ng'ombe wako wamekula mahindi."

Mzee Lekishon akaitazama pikipiki inavyometa. Akawatazama ng'ombe.

"Sasa mimi nifanye nini? Wameona jua limechomoza jioni. Wameenda malishoni."

Hata mama alishindwa. Alicheka mpaka jogoo akamponyoka.

Lakini akishacheka anarudi pale pale. Akafuta machozi akasema, "Ndio mwisho. Kwanza ilikuwa haioni, sasa inapofusha wenzake. Inauzwa."

Dingi akajaribu kujitetea. "Mimi shida yangu tangu mwanzo ni kwamba siwaoni hawa ng'ombe."

Mzee Lekishon akasema, "Ero, mimi wewe nakuona tangu kule kona. Hata na ile taa yako mbovu nilikuwa nakuona. Wewe una taa. Ng'ombe ndio hana."

Na hapo, wakuu, nikaropoka. Sikufikiri, niliropoka kama ninavyoropoka darasani.

"Basi na yeye tumfungie."

Nilisubiri wanicheke. Hakuna aliyecheka. Mzee Lekishon akauliza kwa utaratibu kabisa, "Inafungwaje?"

Kesho yake baada ya ibada tulikuwa bandani kwa Rama: mimi, dingi, Mzee Lekishon, na Narok. Ndio, alimleta.

Ukanda wa kengele mzee alikataa usiguswe, alisema ni wa baba yake, hauwekwi gundi. Tukakata mpira wa tairi, tukaushonea karatasi ya reflekta nyeupe, ile inayobandikwa kwenye malori, tukamvalisha shingoni. Mzee akasema mtangulizi peke yake haitoshi, dereva akimwona wa kwanza atadhani wamekwisha. Kweli kabisa. Tukashona mwingine wa ng'ombe wa mwisho, wenye nyekundu. Kipande kikabaki, akasema tuzungushie kwenye fimbo yake.

Kisha tukarudi kwenye pikipiki. Safari hii dingi akakaa, mimi nikakaa nyuma, Rama akaielekeza ukutani, akainyanyua taa kubwa imulike barabara badala ya tairi, akachora alama inapopiga, kisha akazishusha zile spotilaiti mpaka mwanga wake ukawa chini ya alama hiyo. Akazipa swichi yake na fyuzi yake, ili ukikutana na mtu uzizime, na waya ukigusana isiungue pikipiki nzima. Taa ya breki ikawekwa globu mpya. Indiketa ya kushoto nikastaafu. Reflekta ubavuni na kwenye keria. Mikanda ya bluu yote tukang'oa.

Jumatatu jioni bi mkubwa akaja kutoa hukumu. Hakupanda. Alisema atasimama barabarani pale pale ng'ombe wanapovukia, na dingi aje kutoka konani akiwa na mimi nyuma, mwendo wake wa kila siku.

Wakuu, naomba niwe serious hapa kidogo.

Tulipokata kona nilikuwa nimemshika dingi koti, nasikia moyo wake kwa mgongoni. Mbele giza na vumbi tu. Halafu chini chini kikatokea kimstari cheupe kinatembea. Kinapanda, kinashuka, kama mtu anabeba mwezi mdogo shingoni. Nyuma yake fimbo inametameta. Nyuma kabisa, mbali, kinyekundu.

Ng'ombe wenyewe bado hatujawaona hata mmoja. Ila tulijua kundi linaanzia wapi na linaishia wapi.

Dingi akapunguza, akazima spotilaiti, akasimama mbali kabisa. Safari hii hakuimba. Kengele ikapita mbele yetu taratibu mpaka kinyekundu nacho kikavuka.

Mama akatoka pembeni. Akaizunguka pikipiki, akaigonga taa kwa kidole.

"Ibaki," akasema.

Dingi akaangalia upande wa mlima, akajifanya vumbi limemwingia machoni. Halafu mama akanigeukia mimi. "Na wewe bweni bado nafikiria." Lakini kwenye chakula cha usiku alinipa paja la yule jogoo, na wote tunajua paja ni barua ya msamaha.

Kesi ya kioo bado ipo kwa balozi. Dingi anasema kanuni ni kanuni.

Nilichojifunza: taa nyingi sio usalama, ukimpofusha mwenzako umeongeza hatari ya pili juu ya ya kwanza. Pima mwanga ukiwa na abiria, sio pikipiki tupu. Na kabla hujajifungia taa ya kumi, jiulize nani mwingine yuko barabarani ambaye hana hata moja.

Mafundi na wazoefu wa humu karibuni mnikosoe, hasa wa umeme wa pikipiki, maana betri naona inachoka mapema nikiacha spotilaiti zimewaka halafu pikipiki imesimama. Na wafugaji, mkijaribu hii reflekta leteni picha.

Ila msiniulizie ile mikanda ya bluu. Aliiomba Mzee Lekishon, ameifunga kwenye betri ya sola, boma lake usiku linawaka kama studio. Juzi tunapita pale na mama kwenye pikipiki, akageuza shingo akiitazama, mtandio wake mweupe kichwani, mpaka tukafika nyumbani. Anashuka, ndio akasema:

"Jamani, si mngebakiza hata kipande."